Jedwali Langu la Kusahau

Jumamosi, 15 Agosti 1959

Posa imekwenda! Shangazi Bimkubwa alitoka asubuhi na buibui lake jipya, akarudi adhuhuri amelowa jasho na furaha. Shehe Khatib hakukataa. Amesema jibu litatoka Maulidi yakishasomwa. Nikamuuliza shangazi posa na Maulidi vinahusiana nini. Hapo akaanza kuchezea ncha ya kanga, nami nikajua pana jambo.

Alilitoa polepole. Shehe aliuliza mposaji ana nini. Shangazi akamtajia cherehani yangu. Shehe akatoa tasbihi. Akamtajia nyumba yangu ya hapa Tibirinzi, ile inayovuja upande mmoja. Shehe akaanza kuivuta. Shangazi akaona posa inazama, akasema kuwa Bakar Kificho, mwana wa kaka yake, anao mlango wa kuzaliwa Mtume wote kifuani. Hatazami kitabu. Hakosi hata irabu. Shehe akasema mashaallah, basi mwaka huu ausome yeye, tarehe kumi na mbili Mfungo Sita, baada ya alasiri, mbele ya watu, kitabu kikiwa kimefungwa.

Mimi! Ninachokijua kwa moyo katika Maulidi ni pale inapoletwa halwa.

Nilighadhibika. Nilimwambia uongo una mipaka. Akanijibu kuwa mshenga asiyetia chumvi si mshenga, ni tarishi. Kisha akaniambia kuwa mbele ya Shehe ipo posa nyingine. Ya Mabruki, muuza mofa! Mtu ambaye ukimwamkia asubuhi anakujibu adhuhuri.

Na wa kuposwa ni Mwanapili, binti wa Shehe, mjane aliyerudi kutoka Wete na sasa anasomesha watoto wa kike nyumbani kwa baba yake. Mwaka jana aliniletea kanzu ya babake niitie kola. Alipoirudia aliitazama, akasema mshono umekwenda upande. Sijawahi kuambiwa ukweli kwa sauti nzuri kama ile. Nampenda tangu siku hiyo.

Nimetazama kalenda niliyopewa na muuza vitambaa. Kumi na mbili Mfungo Sita ni Jumatano, 16 Septemba. Siku thelathini na mbili. Kurasa nne za Kiarabu. Nipate Mwanapili au nipate aibu.

Jumapili, 16 Agosti

Nimesoma ukurasa wa kwanza mara arobaini. Baada ya chakula nilibaki na maneno sita. Baada ya kulala mchana, mawili.

Jioni nikaenda kwa Mwalimu Thabit. Huyu amerudi juzi kutoka chuo cha ualimu Unguja, na sasa hawezi kukueleza kitu bila kukichora. Akachukua kijiti, akachora mchangani mstari unaoteremka. Akasema huko ndiko kusahau. Eti alikuwapo Mjarumani mmoja aliyekaa miaka akihifadhi maneno yasiyo na maana, ili ajue anayasahau kwa kasi gani. Nilimhusudu. Kazi gani hiyo, unalipwa kwa kusahau!

Mafundisho ya Thabit ni haya. Ukishahifadhi kitu, kingi kinakutoka siku ya kwanza. Ukikidurusu kabla hakijatoka chote, mteremko unalala kidogo, na mara ya pili unaweza kungoja zaidi. Kesho, kisha siku tatu, kisha wiki. Ustadi wote umo katika kuchagua nafasi. Nafasi fupi mno unajichosha bure. Ndefu mno unaanza upya. Saa nzuri ya kudurusu ni pale kitu kinapotaka kukuponyoka nawe ukakidaka.

Aliendelea kusema mtu akikosea afanye nini. Lakini kahawa ilikuwa imekwisha nami nilikwisha kuelewa, nikamuaga.

Njiani nikapata fikra kubwa. Ikiwa kudurusu wakati unakaribia kusahau kuna faida, basi kudurusu baada ya kusahau kabisa kuna faida maradufu. Thabit hakulifikiria hili. Ndiyo tofauti ya kusoma na akili.

Jumatatu, 17 Agosti

Leo sikusoma. Leo nimechora jedwali.

Nimechukua karatasi ya kukatia mikato, rula ya duka na chaki ya ushonaji, ile ya buluu. Safu za siku, safu za kudurusu, safu ya nguvu ya kumbukumbu. Kazi safi! Imenichukua tangu asubuhi hadi maghrib. Wateja watatu walikuja kuulizia kanzu zao za Maulidi, nikawaambia nina shughuli ya dini.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Wana kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Baada ya mtondogoo hawana jina. Mimi naanzia hapo walipochoka wao.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimehifadhi! Kurasa zote nne. Siku nne za mateso, cherehani imelala, sauti imekauka, lakini saa kumi jioni nilizisoma mbele ya ukuta bila kitabu. Nilikwama mara tatu tu, na mara mbili kati ya hizo nilikohoa.

Shangazi akaja na habari. Baraza ya Shehe i wazi kila siku baada ya alfajiri kwa anayetaka kusikilizwa. Na Mwanapili mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema Bakar aende. Shehe atakuwa barazani, yeye atakuwa nyuma ya dirisha, na nikikosea atanisahihisha.

Moyo uliruka! Mwanapili dirishani, kila asubuhi, ananisikiliza mimi!

Kisha nikatazama jedwali. Kila asubuhi? Kila asubuhi ni nafasi ya siku moja, siku moja, siku moja. Ndio ujinga alioukanya Thabit. Nikamwagiza shangazi apeleke jibu kwa adabu. Nashukuru sana, lakini elimu hairuhusu. Nitadurusu nafasi ikitimia.

Shangazi alinitazama kama anayetazama mtoto mwenye homa. Akasema, “Weye, mwanamke akikufungulia dirisha huulizi ni siku gani.”

Hajui mambo ya mteremko.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimedurusu baada ya siku moja, kama jedwali linavyosema. Vizuri mno! Nimekosa maneno matano tu. Nilijipa halwa.

Nimesikia kuwa Mabruki kila asubuhi akipeleka mofa kwa Shehe anasimama mlangoni, anasoma mstari mmoja, anasahihishwa, anaondoka. Kesho yake anausoma ule wa jana, anaongeza mwingine. Mstari mmoja! Eti anadurusu akisukuma gari lake la mikate. Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Huyo ni kasuku, hana hata karatasi.

Jumanne, 25 Agosti

Leo ni siku ya tatu. Jedwali linasema nidurusu. Lakini niliamka nikahisi maneno bado yamo. Nikajiuliza, kwa nini nidake kitu ambacho hakijaruka? Nikafuta tatu, nikaandika tano. Jedwali likapendeza zaidi.

Muda niliouokoa niliutumia kulinakili upya kwa wino.

Alhamisi, 27 Agosti

Nimedurusu. Ukurasa wa kwanza nimeukumbuka. Wa pili nusu. Wa tatu nimekumbuka umbo lake, kwamba upande wa kushoto kuna doa la mafuta. Wa nne hakuna kitu, hata doa.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimefurahi! Maana yake nafasi imefanya kazi. Nimesahau vya kutosha kuweza kukumbuka vizuri. Nikasoma kurasa zote mara mbili, zikarudi, nikasikia kabisa zinakaa mahali pake.

Nilikutana na Thabit sokoni, nikampa habari njema. Akasema ukikosea sana nafasi hupunguzwa, urudi siku moja, ndilo alilokuwa akinieleza siku ile nilipoondoka. Nikamwambia ahsante. Mwalimu ni lazima aseme hivyo, ana watoto wa shule wa kuwaogopesha.

Sasa hesabu. Kutoka leo hadi Jumanne, 15 Septemba, ni siku kumi na tisa. Jumanne baada ya isha nidurusu mara moja, moto moto. Jumatano alasiri nisome. Siku kumi na tisa! Hakuna mtu katika Pemba hii aliyewahi kungoja nafasi kubwa hivyo.

Shehe alinipa kitambaa cha kanzu ya Maulidi. Nimeshona mkono mmoja.

Jumatatu, 31 Agosti

Mji umeharibika. Kila pahala wanasoma! Watoto wa chuoni wanafanya mazoezi ya Maulidi. Jirani anaoga akisoma. Muuza kahawa anapiga vikombe vyake kwa mahadhi yale yale. Na leo alfajiri Mabruki alipita chini ya dirisha langu na gari lake, anasoma ukurasa wa tatu kwa sauti, polepole, neno kwa neno, nami nikausikia wote kabla sijawahi kuziba masikio!

Nafasi imeingia doa. Nilikuwa siku ya nne ya kusahau, nasahau vizuri kabisa, sasa nusu ya ukurasa wa tatu imenirudia bila ruhusa. Nilimkimbilia nje nikiwa na kikoi tu, nikamwambia ananiharibia. Alifikiri muda mrefu. Kisha akasema samahani, akanipa mofa mbili.

Nilizila. Lakini sikumsamehe.

Nimenunua pamba. Nimeziba masikio. Sisikii cherehani wala mteja, na wateja wameanza kunipungia mikono kama wanaoaga chombo.

Jumatano, 2 Septemba

Pamba haitoshi. Nimehamia Mtambile.

Ami Duni, ndugu wa marehemu baba yangu kwa upande wa mbali, ana shamba la mikarafuu huko, na anaishi peke yake bandani. Nikamwambia shangazi nakwenda kusahau kwa utulivu. Akaniuliza mbona hata sijakwenda kumwamkia Shehe. Akasema Mwanapili ameuliza tena, na safari hii aliuliza huku akifunga dirisha. Nikamwambia amwombe angoje. Siku kumi na tatu tu zimebaki.

Gari la shamba lilijaa wachumaji. Wanaimba! Nilikaa juu ya paa na makanda, pamba masikioni, kitabu cha Maulidi nimekifunga kwa kamba mafundo saba nisije nikakifungua kwa udhaifu. Jedwali nimelikunja kifuani. Niliona wachumaji wananitazama kwa heshima. Au kwa jambo jingine.

Alhamisi, 3 Septemba

Shamba tulivu. Ami Duni ni mtu wa maneno mengi lakini kwa pamba hayasumbui, unaona midomo tu. Mchana tulianika karafuu.

Baada ya magharibi alikuja mbio kutoka barabarani, amefurahi, ananyoosha kidole upande wa kuchwea jua, midomo inakwenda. Nikajua anaonya mvua. Nikaokota majamvi yote ya karafuu nikayaingiza ndani peke yangu. Akabaki anaonyesha kidole tu. Nikampungia mkono kwamba nimeelewa, kazi imekwisha. Alipiga kofi paji la uso, nadhani kwa mshangao wa wepesi wangu.

Mvua haikunyesha. Wazee nao hukosea.

Jumatano, 9 Septemba

Balaa! Hata Mtambile wanasoma Maulidi. Nilikuwa nikirudi kisimani nikaona mikeka imetandikwa kwa jirani, ubani unafuka, mtu amesimama na kitabu. Jicho langu likasoma midomo yake. Nikatambua neno la kwanza! Nikageuka, nikakimbia, nikapanda mkarafuu na ndoo yangu, nikakaa huko hadi walipotawanyika.

Ami Duni alinitafuta. Aliniona juu, akanishusha, akanivuta pamba sikio moja, akaniuliza kama nimefanya jinai. Nikamwambia kwa ufupi habari ya nafasi, Thabit, Mwanapili na siku kumi na tisa. Akasema yeye ana mikarafuu mia mbili na kumi, anaijua mmoja mmoja kwa sababu anaipitia kila siku. Nikamwambia ndiyo maana anaishi peke yake. Nikarudisha pamba.

Baadaye nilijuta. Yeye ndiye anayenipa chakula.

Usahaulifu unaendelea vyema. Leo nimejaribu ukurasa wa pili kwa bahati mbaya. Haukuwapo kabisa!

Ijumaa, 11 Septemba

Nimeswali Ijumaa na pamba. Khatibu wa Mtambile aligeuka kuniangalia mara mbili. Baada ya swala watu walipeana mikono na kusema jambo wote pamoja, nami nikatikisa kichwa kwa wote.

Namuwaza Mwanapili. Nawaza atakavyokuwa nyuma ya pazia Jumatano, ananisikia nasoma bila kitabu, wala hatakuwa na mshono wa kunitoa makosa. Wallahi namtaka. Nisipompata sitakuwa na sababu ya kushona kola moja iliyonyooka maisha yangu yote.

Karibu nifungue fundo moja la kitabu. Nimejizuia. Huo ndio uanaume.

Jumanne, 15 Septemba

Nitaandika kwa mpango.

Asubuhi nilitoa pamba. Nafasi ilikuwa inatimia leo baada ya isha. Nikamuaga Ami Duni, nikapanda gari la kwanza. Ndani watu wote wamevaa kanzu nyeupe na kofia za viua, wananukia marashi. Nikasema moyoni, Wapemba kwa pupa! Maulidi kesho, wao wamevaa leo.

Nilifika Tibirinzi baada ya adhuhuri. Nje ya msikiti mikeka imetandikwa. Pazia la upande wa wanawake limetundikwa. Sufuria ya halwa ipo. Shangazi Bimkubwa alinikuta njiani akanishika kanzu kama anayemshika mwizi. Nilikuwa wapi? Watu wananingoja! Nikamwambia atulie, kesho ndiyo kumi na mbili. Nikamfungulia kalenda nimwonyeshe.

Akasema, “Kalenda yako ina macho? Mwezi uliandama Alhamisi, nchi nzima imeuona! Mfungo Tano haukutimia thelathini. Leo ndiyo kumi na mbili!”

Alhamisi. Kidole cha Ami Duni. Upande wa kuchwea jua.

Nilikuwa na saa mbili kabla ya alasiri. Mtu asiye na elimu angekaa akasoma. Lakini jedwali linasema baada ya isha. Zimebaki saa kama saba nafasi itimie. Je, ukifungua kabla, unapoteza kiasi gani cha faida ya siku kumi na tisa? Nikakaa dukani kupiga hesabu. Pia mafundo saba yalikuwa yameingia maji. Adhana ya alasiri ikanikuta kwenye fundo la tano, na hesabu haijatoka.

Nikasimama mbele ya watu. Shehe Khatib amekaa, amevaa kanzu ya mwaka jana, hakuniuliza ya mwaka huu. Kitabu kikafungwa, ingawa changu hakikuwa kimefunguka.

Mstari wa kwanza nilisoma vizuri. Kila mtu anaujua mstari wa kwanza. Wa pili vizuri. Wa tatu ukanirudisha wa kwanza. Nikausoma tena. Wa pili. Wa tatu ukanirudisha tena! Mara tatu nimezunguka kama uzi ulionasa kwenye bobini. Jasho likaingia machoni. Nikaona nijitoe kwa ushujaa, nikaruka. Nikatua kwenye dua ya mwisho.

Watu wakaitikia amin! Wazee wawili wakanyoosha mikono kuelekea halwa. Mtu wa kahawa akainua buli. Shehe akainua kiganja, kila kitu kikasimama.

Sijapata kusikia kimya kama kile hata na pamba.

Kisha kutoka nyuma ya pazia sauti ya shangazi Bimkubwa ikanipa neno. Shangazi! Asiyejua kusoma hata jina lake! Nikalidaka, nikasema, nikakwama. Akanipa jingine. Nikakwama. Ndipo ikatoka sauti ya pili, tulivu, ikasoma mstari mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanapili. Wanawake wote wakamfuata, mistari mitatu, minne, hawakosi hata irabu, nami nimesimama mbele ya wanaume mia na mdomo wazi.

Shehe akamwita Mabruki.

Mabruki akasimama, mikono ina unga. Akasoma polepole kama anayehesabu mikate. Pahala pamoja alikosea. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausahihisha, akaendelea. Penye kisimamo watu wote wakasimama. Wakamrashia marashi hadi kofia ikalowa. Mimi nilipata tone moja, la bahati mbaya.

Jumatano, 16 Septemba

Jibu la posa limetoka. Shangazi alilileta bila buibui jipya.

Shehe hana hasira. Amesema kusahau ni kwa binadamu, yeye mwenyewe husahau viatu. Wala uongo wa mshenga haukumshangaza, mabinti watatu wameolewa nyumbani kwake, hajaona mshenga wa kweli bado. Uamuzi amemwachia binti yake.

Mwanapili alisema sentensi moja, shangazi akaibeba hadi kwangu kama sahani ya moto. “Mtu aliyenambia ningoje ili apate kusahau vizuri, nikishaolewa naye atanikumbuka lini?”

Anaolewa na Mabruki.

Nilifunga duka. Nililia nyuma ya cherehani, sitaficha, hii ni shajara yangu. Aliniita dirishani mara mbili. Mara mbili! Mabruki hakuitwa hata mara moja, alikwenda na mikate.

Jumapili, 20 Septemba

Nimekaa na mambo haya siku nne, na sasa nimepata pahala penye kosa.

Nilimuuliza shangazi Maulidi ameyajulia wapi. Akasema hakuyasomea popote. Anayasikia kila Mfungo Sita tangu hajaota meno ya pili, basi yamekaa. Nikamuuliza tena kwa makini. Kila mwaka? Mara moja kwa mwaka? Akasema mara moja, mara nyingine mbili, jirani akiwa na nadhiri.

Mara moja kwa mwaka! Na hakukosa neno! Na hakuchora jedwali!

Kumbe siku kumi na tisa zilikuwa chache. Nilijichosha bure. Niliudurusu mlango ule Agosti mara mbili nzima, nikaichanganya akili kwa kusoma kupita kiasi. Nafasi ya haki ni mwaka. Nimechora jedwali jipya, jepesi mno, lina mstari mmoja. Thabit alipita akalitazama, akakitupa kijiti chake, akaenda zake. Nadhani amekubali kushindwa.

Alasiri akaja Mabruki. Nilidhani amekuja kunicheka. Hapana, mtu yule hajui. Amekuja na kitambaa, anataka nimshonee kanzu ya harusi. Harusi ni Jumapili, 4 Oktoba. Siku kumi na nne. Akasema Mwanapili ndiye aliyemwambia aje kwangu, eti nipewe nafasi ya kunyoosha mshono.

Nilimpima kwa heshima zote. Shingo, bega, mkono, urefu. Akaniuliza mbona siandiki. Nikamwambia fundi mzuri haandiki, ninavyo kichwani. Nitavidurusu Jumamosi ya tarehe tatu, baada ya isha.